Pikipiki ya Dada Kwenye Tela la Samadi

Stendi ikunjwe au ishushwe?

Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi wiki nzima kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu anayekwenda kuolewa. Wenzangu hukosa usingizi kwa sababu ya mapenzi au mbwa wa jirani. Mimi nililala chali chumbani kwetu Maisaka, dada akikoroma kitanda cha pili, nikiwaza kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono wangu, kilichoning'inia ubavuni mwa pikipiki ambayo mwenyewe, huyo anayekoroma, hakujua kama ipo.

Stendi ikishushwa, nilijiambia, pikipiki inaegemea upande mmoja, na tela likiruka shimo uzito wote unashukia kile kichuma. Kikipinda, kwaheri. Stendi ikikunjwa, pikipiki nzima inasimama kwa huruma ya kamba. Kamba zikilegea, kwaheri vilevile. Nikishaamua ikunjwe, nageukia ukutani nilale. Kabla macho hayajafumba naona kamba zinalegea. Nageuka upande wa pili, naamua ishushwe. Hapo naona chuma kinapinda. Dada akaniuliza asubuhi moja, "Wewe una viroboto?"

Kazi hiyo nilipewa na kamati. Kwetu sendofu haifanyiki bila kamati, na kamati ya dada ilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa maturubai, mtu wa vyakula, na juu yao wote alikuwapo shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyesimamia zawadi. Cheo hicho hakuna aliyempigia kura. Alikuwa nacho tangu sijazaliwa.

Zawadi ya familia kwa dada ilikuwa pikipiki, na hakuna aliyebisha. Dada ni afisa mifugo. Anahudumia vijiji vya kule tambarare za Hanang, ambako wafugaji wanampigia simu ng'ombe akiwa tayari amelala chini ananyoosha shingo. Dada anasubiri bodaboda. Bodaboda ana abiria mwingine. Anafika na sindano yake, anakuta wenye ng'ombe wanagawana nyama. Siku moja alikaa kando ya barabara na chanjo kwenye boksi la barafu mpaka barafu ikawa maji, na jioni alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kitandani na viatu vyake. Mama alimvua viatu, akatoka chumbani, akamwambia baba, "Huyu mtoto haolewi na friji. Anaolewa na pikipiki."

Ikanunuliwa kwa siri, nyekundu, ikafichwa Mutuka kwa baba mdogo, kwenye stoo ya mahindi. Ilibaki kuileta Maisaka siku yenyewe.

"Si mtu aipande tu, aje nayo?" mjomba aliuliza kwenye kikao.

Shangazi alimtazama kana kwamba ametema mate kanisani. "Aipande nani?"

"Yeyote. Hata mimi."

"Yaani makalio yako yatangulie ya bibi harusi?"

Mjomba akanywa chai yake. Shangazi akatueleza, taratibu, kama anafundisha chekechea, kwamba kitenge cha bibi harusi hakivaliwi na mtu kwanza ili kuonekana kama kinapendeza, sufuria ya bibi harusi haipikiwi ugali kwanza ili kuonekana kama inaiva, na pikipiki ya bibi harusi haipandwi. Ikipandwa ni mtumba. Itabebwa. Baba mdogo ana trekta, trekta lina tela, basi.

"Tela lile la samadi?" mama aliuliza.

"Litaoshwa."

"Na nani atasimamia?"

Hapo nikahisi shingo zinageuka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimebeba sinia la karanga.

"Huyu hapa si ndiye aliyesomea usafirishaji?" alisema mjomba, akifurahi kwamba sasa anatazamwa mwingine.

Ni kweli nilisomea ugavi na usafirishaji. Ila kwa miaka yote ya chuo sikuwahi kufunga hata furushi. Tulichora visanduku na mishale kati ya visanduku. Bidhaa ilitoka kisanduku cha kwanza ikafika cha pili bila kupita kwenye shimo lolote. Tangu nihitimu nilikuwa nyumbani, namsaidia mama dukani na kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya usafirishaji, haina mshahara, na tayari nilikuwa naogopa kufukuzwa.

Kulikuwa pia na habari ya kabati.

Kwenye sendofu ya binamu yetu, familia ilitoa kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Lililetwa kwenye gari la mizigo likiwa limesimama, limeshikiliwa na wanawake wanne wenye nguvu zao, huku wakiimba. Lilipofika mbele ya wakwe na kufunuliwa shuka, kioo cha mlango mmoja kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, umejipinda kama mto kwenye ramani. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Naona kabati limekuja na urembo." Watu walicheka. Wakwe hawakucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Hadi leo binamu yetu akigombana na mumewe, mumewe humkumbusha kabati. Nani alilipasua, kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema dereva, wengine duka, na wapo walioshuku jirani mwenye jicho baya.

Basi nikajua. Pikipiki ikifika na mkwaruzo, dada atabeba mkwaruzo huo kwenye ndoa yake kama binamu anavyobeba ufa.

Nikaanza kutafiti. Kwenye simu niliangalia video za watu wa nchi za mbali wenye matela madogo safi, mikanda yenye vifungo vinavyolia krrr, na kifaa maalumu cha kung'ata tairi la mbele. Sisi tulikuwa na tela la trekta lisilo na springi, lililotoboka sakafu mahali fulani, na mipira iliyokatwa kutoka tube kuukuu za malori. Nikaenda kuuliza kijiwe cha bodaboda karibu na duka letu.

"Mambo?"

"Poa. Niulize kitu. Pikipiki ikibebwa kwenye tela, stendi inakunjwa au inashushwa?"

"Inashushwa," alisema wa kwanza, bila kuinua macho kwenye simu yake. "Pikipiki bila stendi itasimamaje?"

"Muongo huyo," alisema wa pili. "Unailaza. Unailaza kama mbuzi, unaikalia, safari."

"Ukiilaza petroli inamwagika, we mshamba!"

"Kwani nimesema uweke petroli?"

"Na kwa nini isipandwe?" wa tatu akauliza. "Nipe mimi niilete. Buku mbili tu."

Nikamweleza kuhusu makalio. Walicheka mpaka abiria mmoja akaacha kupanda, akaja kusikiliza. Lakini jibu sikupata, na niliporudi dukani mama alinikuta nimesimamisha kiberiti juu ya katoni ya sabuni, naitingisha katoni.

"Kuna mteja," alisema.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, nilikwenda Mutuka. Baba mdogo ni mdogo wa baba, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye huongea na trekta lake zaidi ya anavyoongea na watu. Alikuwa ameliosha tela. Lilimetameta, na lilinuka samadi kama kawaida.

"Harufu bado ipo, Baba mdogo."

"Anaolewa afisa mifugo," alisema. "Hiyo harufu anaijua kuliko marashi."

Nikamwomba anisaidie kufanya jaribio. Pikipiki yenyewe sikutaka kuijaribia, nikachukua baiskeli yake ya zamani yenye stendi ya pembeni, tukaipandisha kwenye tela, tukashusha stendi, tukaifunga kamba moja katikati kama watu wote wanavyofanya. Kisha nikaipanda.

Baba mdogo alinitazama kutoka chini. "Unafanya nini huko?"

"Nataka kusikia pikipiki itakavyosikia."

"Unataka nikuburuze shambani juu ya baiskeli, juu ya tela?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Hiki ndicho walichokufundisha chuo?"

"Hapana."

"Basi kuna matumaini," akasema, akawasha trekta.

Hatukufika mbali. Tuta la kwanza lilinirusha, tuta la pili likairusha baiskeli, stendi ikateleza ikaingia kwenye lile tundu la sakafu, na mimi nikashuka kwa ubavu mpaka kwenye kona ya tela ambako maji ya kuoshea hayakuwa yamefika. Jirani aliyekuwa anapalilia aliegemea jembe lake. "Shikamoo," nilimwamkia kutoka pale chini, kwa kuwa ni mkubwa kwangu na adabu ni adabu. "Marahaba," alijibu, akaendelea kuegemea.

Mara ya pili tulikunja stendi. Tukaweka gurudumu la mbele kwenye ukuta wa tela, tukalibana kwa magunia mawili ya mahindi, moja huku na moja kule. Tukafunga mipira minne, miwili mbele na miwili nyuma, kila mmoja ukivuta upande wake na kuelekea chini. Nikapanda tena. Baba mdogo, naamini kwa makusudi, alipita kwenye matuta yote ya shamba lile. Meno yangu yaligongana, kofia ikaanguka, lakini baiskeli haikwenda popote.

Ikunjwe! Nilitamani kupiga simu kijiweni.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipokuwa nanawa. Kwa sababu baiskeli haina shokapu na pikipiki inazo. Ukifunga pikipiki imetulia, ikifika kwenye shimo shokapu zinabonyea, pikipiki inashuka, na kamba iliyokuwa imekaza inalegea. Basi tunatakiwa tuibonyeze kwanza, ndipo tufunge, ili iwe inasukuma kamba muda wote. Nilikimbia na sabuni mikononi kumwambia baba mdogo. Alifikiri kidogo.

"Kuibonyeza lazima mtu aikalie."

"Haikaliwi."

"Basi?"

Nikarudi kunawa. Jibu lilinijia kesho yake asubuhi.

Jumamosi tuliitoa stoo, ikiwa bado na nailoni kwenye kiti, tukaipandisha kwenye tela kwa mbao mbili, baba mdogo akishika usukani, mke wake, yaani mama mdogo, na mimi tukisukuma nyuma. Mimi nilikuwa tayari nimevaa sare ya sherehe, gauni la kitenge lililoshonwa na fundi asiyeamini kwamba wanawake hupiga hatua. Gurudumu likagusa ukuta, magunia yakabana. Tulitandika blanketi kila mahali ambapo mpira ungegusa rangi. Nikakunja stendi. Halafu nikatazama usukani.

"Kukaliwa imekatazwa," nikasema. "Kuning'inia hakuna aliyesema."

Kwa hiyo mama mdogo akaning'inia kwenye mkono wa kushoto wa usukani, mimi wa kulia, miguu yetu ikiacha sakafu, shokapu zikabonyea zikilia kama mtu anayevua buti, na baba mdogo akafunga huku akicheka hadi fundo la kwanza likamshinda, akalirudia. Tulipoachia, pikipiki ilinyanyuka kidogo, ikakutana na mipira, ikatulia. Nilikisukuma kiti kwa nguvu zangu zote. Tela lilitikisika, pikipiki ikatikisika nalo. Vilikuwa kitu kimoja.

Nilisimama pale nikiitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuwa na wazo lolote kichwani.

Ndipo bajaji ikasimama, akashuka shangazi.

Alikuja na wanawake watatu wa ukoo, wote kwenye kitenge kama changu, wakiwa na nafasi ya kutembea kwa kuwa walimjua fundi. Hao ndio walikuwa wa kuisindikiza zawadi kwa nyimbo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kaikamata?"

"Kuikamata?"

"Naona imefungwa kama mwizi. Fungueni."

Nikaanza kumweleza habari za shokapu. Alinyanyua mkono.

"Mwanangu, nisikilize. Kamba ni ya ng'ombe wa mahari. Wao walituletea ng'ombe, ng'ombe waliingia na kamba, tukawapokea na kamba, ndivyo ilivyo. Sisi tunapeleka zawadi. Zawadi haifungwi, inashikwa kwa mikono. Tutaishika. Na stendi mbona imekunjwa? Inaonekana kama ina kilema."

"Shangazi, ikianguka..."

"Tuko wanne. Itaangukia wapi?"

Huyu ni shangazi, ambaye hata baba anavua kofia akiongea naye. Nilimtazama baba mdogo, baba mdogo akalitazama trekta. Aliyeniokoa ni mama mdogo, aliyeingia ndani akatoka na vitenge vilivyokunjwa, akaanza kuviringisha kimoja kwenye mpira wa mbele na kukimalizia kwa fundo kubwa kama ua.

"Wifi," akamwambia shangazi, "kamba ikivaa kitenge bado ni kamba?"

Shangazi alizunguka tela lote. Akarudi.

"Ikivaa kitenge ni pambo," akasema. "Viringisheni."

Tukaondoka. Mimi nilikaa nyuma kabisa nikiitazama pikipiki, wanawake wakakaa juu ya magunia matupu pembeni, shangazi mbele chini ya mwavuli. Trekta halina haraka, na barabara ya vumbi ina mashimo ya kila umbo. Kila shimo nililiona kabla halijafika, nikashikilia pumzi, na kila mara pikipiki ilibonyea, ikarudi, vitenge vikapepea. Tulipofika mjini wale wa kijiweni walituona, wakatufuata wakipiga honi.

"Stendi umeamuaje?" mmoja alipiga kelele.

"Nimekunja!"

"Nilikwambia!" akajibu. Hakuwa ameniambia.

Nyumbani kwetu kuna mtaro mbele ya geti. Kivuko chake ni cha mawe na udongo, na mvua za mwaka huu zilikula upande mmoja, kwa hiyo gari likivuka linainamia kushoto kama mtu anayesikiliza siri. Mtaro huo nilikuwa nimeutembelea kila jioni. Ndiyo maana, kwenye kona ya mwisho, shangazi alipopiga bati la tela kwa mpini wa mwavuli na trekta likasimama, moyo wangu ulisimama nalo.

"Tumefika kwa watu," alisema. "Toeni kamba."

"Shangazi, bado mtaro."

"Mtaro gani? Mtaro huo niliuvuka na mimba ya miezi minane."

"Lakini Shangazi..."

"Wakwe wamekaa pale wanatazama geti. Unataka waone nini? Ng'ombe?"

Wale watatu walikuwa tayari wanafungua. Vitenge wakajifunga viunoni, mipira wakaisukumia nyuma ya magunia. Mmoja akashusha stendi kwa kisigino, pikipiki ikaegemea, ikaonekana nzuri kweli, kama kwenye tangazo. Wakasimama wanne kuizunguka, kila mmoja na mkono wake, shangazi kwenye usukani. Trekta likaondoka. Na mimi, mhitimu, nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu kichwani palikuwa na kikao. Mmoja alisema, waache, ni wakubwa. Mwingine alisema, ukisimamisha msafara mbele ya wakwe utakuwa aibu kuliko mkwaruzo wenyewe. Mwingine aliuliza kama nimehakikisha kweli upande uliomomonyoka ni wa kushoto. Wakati kikao kinaendelea, geti likafunguka. Nikaona turubai, viti vyenye vitambaa, wakwe safu ya mbele, na mshereheshaji akatuona.

"Hao wanakuja!" akatangaza, na spika zikafyatua wimbo.

Ndipo nikaona mkono wa kwanza unaondoka.

Ulikuwa wa yule mama wa nyuma kushoto. Uliondoka kwenye pikipiki ukaenda mdomoni, akapiga kigelegele. Wa pili akajibu. Wa tatu, kiitikio kilipofika, akaanza kupiga makofi, kwa mikono yake yote miwili, akitabasamu kwa wageni. Hawakufanya kwa uzembe. Sijawahi kuona mwanamke wa ukoo wetu anayeweza kuimba wimbo ule bila kupiga makofi, na mimi mwenyewe viganja vilikuwa vimeshaanza kuwasha. Na pale pale, kama mtu aliyewashiwa taa, nikajua kabati lilipasukaje.

Gurudumu la mbele la trekta lilikuwa linakanyaga mawe ya mtaro.

Nikagonga bati kwa ngumi. "Baba mdogo! Simama!"

Akasimama ghafla. Pikipiki ikayumba, nikaidaka kwenye kiti kwa mikono yangu miwili. Wimbo ukaendelea kidogo peke yake, kisha mtu akauzima. Nyuma ya nyumba sufuria ilisikika ikichemka.

"Mabibi na mabwana," alisema mshereheshaji, "naona kuna... mashauriano ya kitaalamu."

"Vipi, ng'ombe amegoma?" mzee mmoja wa upande wa wakwe aliuliza kwa sauti, na safu yake yote ikacheka.

Shangazi alinigeukia. Sijui nilitoa wapi ile sauti, maana haikuwa ya kwangu ya kawaida, ile inayoanza na samahani.

"Shangazi, mikono inapiga makofi," nikasema. "Kamba haipigi makofi."

Alifungua mdomo kunijibu. Halafu akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa juu hewani, umekunjua vidole, ukisubiri kiitikio. Akauangalia kwa muda kama mkono wa mtu mwingine. Akaushusha.

"Funga," akasema. "Na ukifunga, funga."

Nikakunja stendi kwa mguu. Baba mdogo akaruka kutoka kwenye trekta, akachukua mipira nyuma ya magunia. Nikashika mkono wa kulia wa usukani nikaning'inia, na mshono wa gauni langu ukaachia kuanzia goti kwenda juu kwa sauti ambayo nina uhakika wakwe waliisikia. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Mama mdogo alikuwa amebaki Mutuka kuangalia mifugo. Nilikuwa nakaribia kukata tamaa pale usukani ulipobonyea. Shangazi alikuwa ameweka mwavuli chini, ameshika mkono wa kushoto, na amening'inia, viatu vya kisigino vikiwa vimeiacha sakafu ya tela, mbele ya ukoo wote wa mkwe wake.

"Hivi?" akaniuliza kwa meno yaliyobana.

"Hivyo hivyo, Shangazi."

Baba mdogo alifunga minne. Hakuna aliyetafuta kitenge. Niliwaomba wanawake washuke, wakashuka, na kwa kuwa sasa mikono yao haikuwa na kazi, walipiga makofi kwa moyo wote. Mimi na shangazi tukashuka pia, tukasimama kando ya mtaro.

"Twende," nikamwambia baba mdogo.

Tela lilipanda mawe, likainamia kushoto, na pikipiki ikainama nalo. Mipira ya kulia ilivutika mpaka ikawa miembamba. Shokapu zikalia. Shangazi alinishika kiwiko akanifinya. Kisha gurudumu la nyuma likavuka, tela likanyooka, na pikipiki ikanyooka, nyekundu, imesimama katikati ya kamba zake nne mbele ya kila mtu.

"Naona na nyinyi mmetuletea na kamba!" yule mzee akasema. "Tumelingana sasa."

"Wenu walikuja wanatafuna kamba," shangazi akamjibu, akiokota mwavuli wake. "Huyu wetu hali hata majani."

Safari hii wakwe ndio waliocheka zaidi.

Tuliishusha kwa zile mbao mbili, mimi nimeshika usukani na kulibana gauni kwa kiwiko. Dada aliletwa. Hakupiga kelele wala hakulia kama mama alivyotabiri. Aliizunguka polepole, kama anavyomzunguka ng'ombe anayemkagua, akapapasa tanki, akachuchumaa na shela lake kutazama upande wa chini, akapitisha kidole kwenye madigadi, akakitazama kidole. Mshereheshaji alimnyooshea kipaza sauti. Hakukiona. Alikuwa ananiangalia mimi, bado nimeishikilia pikipiki kama mtu anayeogopa itakimbia.

"Sasa utaishikilia mpaka kesho?" akaniuliza.

Nikashusha stendi, nikaachia.